Mke Wangu Nje ya Fokasi

Mke wangu alikuwa nje ya fokasi. Hilo ndilo lililokuwa tatizo katika ndoto niliyoota usiku wa jana, na nalieleza kama lilivyokuwa.

Alikuwa jikoni anasonga ugali. Sufuria niliiona vizuri. Mafiga niliyaona, hata majivu. Yeye mwenyewe hakuwa na kingo. Mkono wake uliishia mahali fulani na mwiko ukaanzia mahali fulani, lakini mpaka wenyewe haukuwepo. Kitenge chake kilikuwa kimemwagika ukutani kama chai.

"Mama Theodora," nikamwambia, "hebu simama vizuri."

"Nimesimama."

"Basi geukia kwenye mwanga."

"Nasonga ugali, Baba Theodora. Kwani unaniona niko arusini?"

Sauti yake haikuwa na kasoro. Ni yeye tu aliyekuwa ukungu. Nikasugua macho kwa kiganja, nikamtazama tena, nikakuta amezidi. Pua imeondoka. Nyusi zimeingia kwenye paji la uso.

Lazima niseme kazi yangu, la sivyo mengine hayataeleweka. Mimi ni mpiga picha hapa Mto wa Mbu. Napiga arusi, kipaimara, ubatizo, na zile picha ndogo za vitambulisho. Lakini tangu masika nina kamera kubwa, ile ya kitaalamu, yenye lenzi ndefu kama mguu wa mtoto, na tangu hapo arusi sizipigi kwa moyo. Napiga ndege. Naondoka alfajiri, nalala kifudifudi kwenye tuta la mpunga, narudi giza limeingia. Kuna mdiria mmoja kwenye mfereji, ndege mdogo wa kuenea kiganjani, mgongo wa buluu, mdomo mwekundu. Namtaka akiwa anatoka majini na samaki mdomoni. Bado sijampata. Hiyo ndiyo iliyokuwa hali ya nyumbani kwetu mpaka nalala.

Nikageukia kamera. Ilikuwa imekaa kwenye kiti changu, na mbele yake kuna bakuli la maji ya kunawa.

"Una nini wewe?" nikaiuliza. "Mbona mke wangu simwoni?"

"Mimi sina kitu," ikajibu. Ilikuwa na sauti ya karani wa dirishani anayekaribia kufunga. "Mimi nashika kitu kimoja kwa wakati mmoja. Nimeshika mdiria."

"Mdiria yuko wapi? Hapa ni jikoni."

"Yuko alipo. Ulinifunga kwake tangu masika na hujaachia. Angalia dole gumba lako."

Nikaangalia. Dole gumba langu la kulia lilikuwa limebonyeza kile kitufe cha nyuma, cha kufunga fokasi. Kamera ilikuwa upande wa pili wa meza, lakini mkono ulikuwa umerefuka ukafika. Nikavuta. Halitoki. Nikaweka mguu mezani, nikavuta kwa nguvu zote. Halitoki.

"Usijichoshe," kamera ikasema. "Anayeachia ni yule aliyeshikwa. Nenda ukamwombe. Na ufanye haraka, mwanga unaondoka. Kitu ambacho hakijashikwa mpaka jua linazama, kinakuwa nyuma."

"Nyuma ya nini?"

"Nyuma tu. Kama ile miti kwenye picha zako. Rangi nzuri, laini, hakuna atakayejua kilikuwa nini."

Nikamtazama mke wangu. Alishaanza kuwa na rangi nzuri, laini.

Natoka kwa mlango wa jikoni. Mlango unatokea ndani ya lenzi. Ni korido ndefu, nyeusi, yenye harufu ya plastiki mpya, na kila baada ya hatua chache kuna mlango wa kioo kilichobinuka. Stendi yangu ya miguu mitatu inatangulia. Inatembea vibaya na inalalamika.

"Kila siku unanisimamisha kwenye matope," inasema, "halafu unanikunja na maji yangu kwenye magoti. Wewe ungekunjwa hivyo?"

"Twende, mwanga unaondoka."

"Mwanga, mwanga. Mimi nina magoti matatu, bwana."

Kwenye mlango wa kwanza wa kioo amesimama hondohondo. Ile pembe iliyo juu ya mdomo wake ameisukuma nyuma kama kofia ya mlinzi. Anatandaza bawa moja, tunasimama.

"Umbali?" anauliza.

"Umbali wa nini?"

"Wa huyo unayetaka aonekane."

"Ni mke wangu. Yuko jikoni."

"Sijauliza yuko wapi. Nimeuliza umbali. Mnalala umbali gani?"

"Kitanda kimoja."

Hondohondo akalia, ile kelele yao ya mtoto na punda kwa pamoja, kisha akatulia kama hakuna lililotokea.

"Lenzi hii haioni kitu kilicho chini ya mita nne na nusu," akasema. "Imeandikwa ubavuni. Hukusoma?"

"Nilisoma. Nilidhani ni habari ya ndege."

"Ni habari ya kila kitu. Mtu aliye ng'ambo ya mfereji utamhesabia kope. Aliye kitandani kwako humpati hata ufanyeje. Msogeze."

"Chumba chetu chote ni mita tatu."

"Basi ukuta ndio wenye makosa. Waite minana."

Sikuwahi kuwaita. Walishafika, mia kadhaa, wale ndege wadogo wa njano wanaofuma viota, kila mmoja na kazi yake mdomoni. Korido ikawa uani kwangu. Walianza na paa. Walivuta bati kama unyasi, ukanda mmoja mmoja, wakalipeleka kwenye matete. Kisha wakaingia ukutani, wakatoa tofali moja baada ya jingine.

Kiongozi wao alikuwa dume mwenye uso mweusi. Nikamshika bawa.

"Nani kawaambia mfumue nyumba yangu?"

"Jike hajapendezwa," akasema. "Dume akijenga na jike asipopendezwa, kiota kinafumuliwa, kinaanzwa kingine. Sisi hatufanyi vingine."

"Nani kasema hajapendezwa?"

"Haonekani. Jike asiyeonekana kwenye kiota hajakipenda. Wewe umejenga mwaka gani?"

"Kabla mwanangu hajazaliwa."

"Na tangu siku hiyo hujafuma hata jani moja jipya mlangoni?"

Nikaliachia bawa lake. Akatikisa kichwa, akaondoka na kizingiti.

Kitanda walikibeba na mke wangu juu yake. Bado alikuwa anasonga ugali. Walikiweka kwenye migomba, na stendi ikapima kwa miguu yake ikasema mita nne na nusu kamili. Nikamtazama. Kitanda kilionekana, hata ule mguu nilioufunga kwa waya. Yeye alikuwa doa la kitenge na migomba pamoja.

"Baba Theodora," doa likasema, "nyumba imekwenda wapi?"

"Wanatafuta umbali."

"Umbali gani tena? Huo ulionao hautoshi?"

Ubavuni mwa kitanda alisimama kongoti, yule korongo mkubwa mla mizoga. Mikono nyuma, koti jeusi, upara wa mtu mzima, ndoo tupu miguuni. Kwa sababu ya upara nikamwamkia.

"Shikamoo."

"Marahaba."

"Unafanya nini kwenye kitanda changu?"

"Nasubiri. Mtu akishakuwa nyuma, huwa kuna vitu vinavyobaki. Sauti, kwa mfano. Ndala. Mimi ndiye ninayeviondoa."

"Huyu hajawa nyuma."

"Sijasema amekuwa. Nimesema nasubiri. Wewe endelea na shughuli zako."

Nikakimbia. Nakimbia juu ya tuta la mpunga, na tuta linazidi kuwa jembamba mpaka linakuwa zulia jekundu. Mfereji umeingia ukumbini. Viti vimevalishwa vitambaa vyeupe na maji yamefika kwenye makalio ya viti. Kamati ya arusi ni mwari watupu, wale ndege wa ziwani, wamekaa meza ya mbele na wamejaza soda kwenye mifuko ya midomo yao. Katikati, juu ya unyasi mmoja uliopinda, kwenye kiti cha bibi arusi, amekaa mdiria.

Alikuwa wazi kabisa. Niliona kila unyoya wa kidevuni. Niliona ukumbi, na mimi na dirisha, ndani ya jicho lake. Mdomo wangu ukasema wenyewe, kwa mazoea ya kazi:

"Bibi arusi, inua kidevu kidogo. Tabasamu."

"Mdomo huu hautabasamu," mdiria akasema, bila kutikisika. "Na mimi ni dume."

Mwari wakacheka. Soda ikamwagika.

"Samahani," nikasema. "Nimekuja kuomba uniachie."

"Mimi nikuachie wewe?"

"Kamera imesema anayeachia ni aliyeshikwa."

"Aliyeshikwa ana mikono?" Aliendelea kutazama mbele, shingo imekaza. "Tangu masika nimekaa kwenye unyasi huu. Wewe mwenyewe ulininong'oneza: tulia hapo hapo, baba, tulia hapo hapo. Nimetulia. Samaki wanapita chini yangu nawaangalia. Mke wangu amehamia mfereji wa pili. Halafu unashangaa hujanipata nikitoka majini. Nitatokaje? Sijaingia."

Hilo sikuwa nimelifikiria.

"Basi achia wewe," akasema.

"Siwezi. Kidole hakitoki."

"Na mimi siwezi. Shingo haigeuki."

Tukakaa hivyo, mimi na yeye. Dirishani jua lilikuwa limegusa ukingo wa juu wa bonde, na mwanga ulikuwa umegeuka rangi ya asali, ule mwanga ambao nauombea kila siku. Sikuupenda. Miguu yangu haikutulia. Nilikuwa nahama kiti hiki nakwenda kile, na maji yananifuata.

Ndipo kamera ikaingia, imebebwa na stendi mabegani.

"Njia ipo moja," kamera ikasema. "Badilisha ninachotambua." Ikafungua menyu yake hewani, kubwa kama bango la mgahawa. Kulikuwa na maneno mawili tu: NDEGE na MTU. Alama ilikuwa kwenye NDEGE. "Weka MTU. Nitawaachia ndege, nitamshika mkeo."

"Nilidhani ni mdiria tu."

"Mimi sijui mdiria. Najua ndege. Nikiachia, nimeachia."

"Wanakwenda wapi?"

"Nyuma."

"Wote?"

"Wenye manyoya wote. Ukishatoka hapo hakuna kurudi, kitufe hicho kinabonyezwa mara moja. Sikuziweka mimi sheria, mimi ni kamera."

Nikatazama dirishani. Hondohondo wawili walikuwa wanapita juu ya msitu, mabawa yanapiga kelele kama mtu anayekunja mkeka. Yangeyange walikuwa wanarudi kutoka mashambani kwa mstari, weupe, matumbo yao yamepakwa jua. Minana walikuwa wametulia kwenye matete na nyumba yangu midomoni. Sikuwahi kuwaona wote kwa pamoja namna ile, kila mmoja wazi, karibu na mbali.

"Nipe dakika," nikaiambia kamera. "Nimpate huyu kwanza. Mara moja tu."

"Muda ni wako. Na mke ni wako."

Nikamwambia mdiria, "Ingia."

"Umeniambia nitulie."

"Sasa nakwambia ingia."

Akaingia. Alianguka kama jiwe, maji yakafunga juu yake, mwari wote wakanyoosha shingo. Nikaweka jicho kwenye kamera. Nikashika pumzi. Kidole cha kwanza kikakaa juu ya kitufe cha kupigia.

Akatoka. Alitoka polepole kama mtu anayepanda ngazi. Mabawa wazi, samaki mdomoni, samaki anang'aa, matone yamemzunguka na ndani ya kila tone kuna jua dogo. Ndiyo picha. Hakuna nyingine zaidi ya hiyo. Nilikuwa karibu kubonyeza.

"Baba Theodora," mke wangu akasema kutoka kwenye migomba. Hakupaza sauti. "Sioni mikono yangu."

Katika miaka yote sijawahi kumsikia mwanamke yule akiogopa. Amezaa peke yake mvua inanyesha daraja limekatika, na niliporudi alinitania. Lakini sasa aliogopa, na alikuwa ananiambia mimi.

Nikaweka MTU.

Dole gumba likatoka na sauti ya plasta inayobanduliwa. Sikumpiga mdiria. Nilimwona tu akiondoka: kwanza matone, kisha samaki, kisha yeye, akawa mstari wa buluu, kisha mahali penye buluu. Mwari wakawa mawingu yenye soda. Nikageuka na kamera nzima, uzito wote, nikaielekeza kwenye migomba, na ukumbi ukaondoka, na maji yakaondoka, na mbele yangu kukawa na doa tu na kongoti ameshainama kuchukua ndala.

"Usitikisike," nikasema.

"Sijui nimeanzia wapi, nitatikisikaje?"

"Ongea. Endelea kuongea, nitakufuata."

"Nikwambie nini? Nimekwambia mambo tangu masika, umesema ngoja nisafishe lenzi. Nilikwambia bomba linavuja. Nilikwambia Theodora amepiga simu. Nilikwambia jino linaniuma..."

Jino. Hapo nikampata mdomo. Kutoka mdomoni nikapanda puani, kutoka puani nikapata jicho, na jicho likakaa. Nikapiga. Shata ya kamera ikalia kama mlango mkubwa unaofungwa na mtu asiye na haraka.

Alikuwa wazi. Nywele moja moja. Unga kwenye kope. Kovu la mafuta ya moto kwenye kiwiko. Shavu la kushoto lilikuwa limevimba kidogo, na juu ya sikio kulikuwa na mvi ambazo sikuwa nazijua. Akatazama mikono yake, mbele na nyuma, akaipangusa kwenye kitenge. Kisha akanitazama mimi, kwa muda mrefu, kuanzia kichwani.

"Kumbe umezeeka hivi?" akasema.

"Na wewe una mvi."

"Nina mvi tangu mtoto aende bweni. Leta bakuli, ugali umeiva."

Kongoti akaweka ndala chini, akaipanga vizuri na mwenzake. "Si neno," akasema. "Nitakuja siku nyingine." Akachukua ndoo yake akaondoka kati ya migomba, na kabla hajafika mgomba wa pili koti lake lilikuwa moshi.

Nikaamka kumekucha. Nyumba ilikuwepo, na paa lake. Mama Theodora alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda anafunga kilemba, karibu nami kabisa, na nilimwona vizuri. Shavu la kushoto lilikuwa limevimba.

"Unanikodolea macho ya nini?" akauliza.

"Nakuangalia. Jino linauma?"

Mikono yake ikasimama juu ya kilemba. "Wiki ya pili sasa."

"Twende kwa daktari leo."

"Leo dada yangu Veneranda anakuja, nimeshamwambia atakula hapa. Kesho. Ukishamaliza kuniangalia, nikamatie kuku. Yule mwekundu asiyetaga."

Nikatoka uani kwa furaha, niseme ukweli. Kila kitu kilikuwa wazi. Niliona pini kwenye kamba ya kuanikia. Nilisoma maandishi madogo ya ndoo ya rangi. Kwenye ukuta wa jirani, ng'ambo ya njia, niliona ufa na sisimizi wanaoingia humo.

Chini kulikuwa na mtama aliomwaga mke wangu. Niliona punje kwa punje. Kitu kilichokuwa kinaudonoa sikukiona. Palikuwa na wekundu tu, kama mtu amepitisha kidole kwenye rangi mbichi, na punje zinapungua. Pembeni yake palikuwa na weupe, na mwingine wa madoadoa. Nikasugua macho. Mtama ukazidi kuwa wazi.

Juu ya waya wa umeme kitu kililia. Waya niliuona, na jinsi ulivyoinama kwa uzito. Kilichokaa juu yake kilikuwa ukungu mdogo wa njano.

"Umempata?" mke wangu akaita kutoka mlangoni.

"Namtafuta."

"Si huyo hapo miguuni kwako! Una nini leo?"

Nikachuchumaa, nikafumba macho, nikamkamata kwa kusikiliza. Alikuwa wa moto, moyo unapiga mikononi mwangu, makucha yananikwaruza. Nilipofumbua macho nilikuwa nimeshika wekundu. Unyoya mmoja ukachomoka, ukashuka taratibu, na ulipogusa chini nikauona wote, na mistari yake.

Kwa hiyo gharama ni hii. Mdiria wa mfereji. Minana wote wa kwenye matete. Hondohondo, mwari, kongoti, na yangeyange wa mashamba ya mpunga, wote. Jogoo. Na kuku saba wa mke wangu. Sita, baada ya chakula cha mchana.